Sampuli Iliyonyamaza Kwenye Mhina

Mimi sina ugomvi na Wachina. Naanza na hilo kwa sababu mke wangu, Mwamvita, amewatangazia majirani kwamba mumewe Hija amegombana na nchi nzima ya Uchina, na watu wa Yombo wanavyopenda maneno, wengine walishaanza kunipa pole njiani. Ugomvi wangu ulikuwa na binti yangu Shamimu, na ulikuwa ugomvi wa mashine.

Karakana yetu ipo uani kwangu, hapa hapa Temeke. Tunatengeneza mashine za kutafutia dhahabu, hizi wanazoziita ditekta. Ukiiona haikutishi: mpini, kisahani cha duara chenye waya wa shaba ndani yake, kiboksi cha umeme na hedifoni. Mchimbaji anakipitisha kisahani juu ya udongo, na chini kukiwa na chuma, shaba au dhahabu, mashine inamlilia masikioni. Za kwetu tumezipa jina la Sikio. Wachimbaji wadogo wa Chunya na Geita wanazijua, na wakizitaja wanasema "Sikio la Mzee Hija". Nikisikia hivyo, siku hiyo hata chai isiyo na sukari naiona tamu.

Kazi naifanya na Kasimiri, Mmakonde wa kule Mtwara, aliyekuja mjini kuchonga vinyago akakuta wanunuzi wa vinyago wamepungua. Sasa anachonga mipini. Mpini wa Kasimiri ukiushika hutaki kuuachia. Mimi nazungusha waya na kulehemu, yeye anachonga na kuunganisha, na mchana kutwa tunabishana kuhusu mpira.

Sheria ya karakana ni moja: haingii mtu na chuma wala dhahabu mwilini. Mashine zikiwa zimewashwa mezani, bangili moja inatosha kuzitia wazimu. Mteja anavua saa na mkanda mlangoni. Imamu wetu alipokuja kunijulia hali aliacha funguo zake nje, wala hakulalamika. Aliyegoma ni Mwamvita. Alisema bangili zake hazivuliwi kwa sababu ya kumpelekea mtu chai, basi tangu hapo chai yetu inaishia kizingitini. Anaitua hapo, anaita mara moja, anaondoka. Nikija kuikumbuka imeshapoa, na nikilalamika ananiambia niilalamikie sheria yangu.

Halafu kuna mtihani. Mashine ikikamilika tunaitoa hadi kona ya uwanja, kwenye mhina alioupanda marehemu mama yangu, Bi Zubeda. Chini ya mhina ule palikuwa na kitu. Mama mwenyewe, alipokuwa hai, alituonyesha pale kwa kidole akasema, "Hapo pana kitu. Msikiguse mpaka siku mtakapohama hapa." Hakuongeza neno, nasi hatukuuliza. Mtoto wa Kizaramo akiambiwa hivyo na mama yake haulizi. Kila mtu wa pwani anajua kinachofukiwa kwenye kona ya kiwanja ni fingo, kinga ya nyumba, na fingo halichimbuliwi ovyo. Mkubwa wako humuulizi alilifukia lini wala ndani yake aliweka nini.

Mimi naswali, na ukiniuliza nitakwambia sina imani na mafingo. Lakini jembe sikuwahi kulipitisha pale. Nilichopitisha ni mashine. Sikio la kwanza kabisa nililotengeneza lilipofika kwenye mhina lililia kama mtoto aliyenyimwa titi, nikasema, hiki ndicho kipimo changu. Kimelala kina kirefu cha kutosha, hakihami, na hakuna mwizi wa kukigusa. Tangu siku hiyo mashine isiyolia kwenye mhina haikutoka getini kwangu.

Sasa Shamimu. Huyu ni mwanangu wa pekee, amesomea biashara, na amepanga nyumba huko Goba kwenye vilima, ambako anatuambia hewa ni nzuri na hatuambii kuhusu maji. Ndiye anayepokea oda za Sikio kwenye simu na kuwatumia watu mizigo. Siku moja alikuja na mananasi aliyoyapitia soko la Mabibo, na mimi nilipoyaona tu nikajua kuna jambo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sema."

"Mbona hata sijakaa?"

"Umeleta mananasi. Sema."

Akasema. Oda ni nyingi kuliko mikono yetu. Watu wanasubiri mashine mpaka wanakata tamaa, wananunua za wengine. Umeme ukikatika, kazi inalala. Kuna kiwanda kimoja Uchina, amekwenda mwenyewe kukiona, kinaweza kutengeneza Sikio kwa wingi na jina letu likabaki juu yake. Hii karakana tungeigeuza stoo ya kupokelea mizigo.

"Na wewe baba utapumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Magoti yako. Ukiinuka yanalia kuliko mashine."

Kasimiri alicheka. Nilimtazama, akakumbuka kwamba ana mpini wa kupiga msasa.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," nikamwambia binti yangu.

"Mbachao wenyewe umetoka wapi, baba? Waya wako unatoka Uchina. Bodi zinatoka Uchina. Betri, hedifoni, mpaka risasi unayolehemea. Cha hapa ni mpini wa Kasimiri na hasira zako tu."

Lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini mimi hoja yangu ilikuwa ubora, na nilimweleza taratibu, kwa kadiri mtu wa aina yangu anavyoweza kueleza jambo taratibu. Jiko likiwa bovu utaona moshi. Kitanda kikiwa kibovu utaanguka. Ila Sikio likiwa bovu halikwambii. Litapita juu ya dhahabu likiwa kimya, na mtu aliyeuza ng'ombe wake akanunua mashine yako atarudi nyumbani akisema ardhi ile haina kitu. Hatajua kamwe kwamba aliyemdhulumu ni wewe. Sasa huko mbali, nani atakayesikiliza kila moja kabla haijafungwa kwenye boksi?

Kulikuwa na hoja nyingine ambayo sikuitoa. Nisipotengeneza Sikio, mimi nitakuwa nani? Mzee wa kukaa getini na kusaini mizigo. Hilo liliniogopesha kuliko yote, lakini huwezi kumwambia mtoto wako aache kukua kwa sababu baba yake anaogopa kiti cha plastiki.

Basi tukawekeana sharti. Alete sampuli kutoka huko, ifanye mtihani wa mhina kama wenzake. Ikifaulu, karakana naifunga kwa mkono wangu mwenyewe na sinuni. Isipofaulu, habari za kuhamisha kazi nisizisikie tena. Tukapeana mikono. Mwamvita akawa shahidi, akiwa kizingitini na bangili zake.

Sampuli ilipofika nilitamani iwe mbaya. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nyepesi, nyeusi, jina SIKIO limeandikwa ubavuni kwa herufi zilizonyooka kuliko nilivyowahi kuliandika mimi. Kasimiri aliushika mpini, akaupima mkononi, akaupeleka mbele na nyuma.

"Plastiki," alisema.

"Enhe."

"Lakini mzee, mkononi imekaa."

Mtu unakula naye sahani moja, halafu anakwambia hivyo. Tukaiweka mezani. Ikasikia kijiko cha shaba, ikasikia kokwa ndogo ya dhahabu ambayo ninaihifadhi kwa majaribio, na ikaisikia kwa sauti safi kuliko ya kwangu, ambayo kwa kokwa ile huwa inanong'ona tu. Shamimu alikuwa ameegemea ukuta, uso wake unasema vyote. Niliitazama karakana yangu, meza yenye alama za moto, mizunguko ya waya, na nikaiona tayari imejaa maboksi.

"Twende kwenye mhina," nikasema.

Nilianza na Sikio letu ili haki ionekane. Lilipofika kwenye shina la mhina likapiga kelele kama kawaida yake, hata bila hedifoni ungelisikia. Kisha nikachukua sampuli. Nikaipitisha kushoto kwenda kulia. Kimya. Nikaishusha mpaka kisahani kikagusa majani makavu. Kimya. Nikampa Shamimu mwenyewe aipitishe, asije akasema mkono wangu una hila. Kimya kabisa.

Nilifurahi, sina haja ya kudanganya. Usoni nilivaa huzuni kama mtu aliyekwenda msibani, lakini ndani palikuwa na ngoma. Kasimiri alikuwa amegeukia ukutani ili asionekane anavyocheka.

"Pole, mwanangu," nikasema. "Waambie wakajipange upya."

Shamimu alisimama anautazama ule udongo, halafu akaniuliza swali ambalo tangu kuzaliwa kwake hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Baba, hapa chini kuna nini?"

"Si ni fingo la bibi yako."

"Najua. Ni la nini? Chuma? Shaba? Dhahabu?"

"Fingo haliulizwi."

"Nakuuliza kwa sababu mashine hii imetengenezwa ipuuze chuma. Wale wachimbaji wananilalamikia kwenye simu kila kukicha. Wanachimba misumari, wanachimba vizibo vya soda, mpaka mikono inatoka malengelenge. Nikawaambia wale wa kiwandani, tengenezeni inayonyamaza kwa chuma, ilie kwa dhahabu. Sasa kama hapo chini ni chuma, mashine yangu haijafeli. Imefaulu, na ya kwako ndiyo inayolia ovyo."

Miaka yote nilikuwa natoa mtihani ambao mimi mwenyewe sijui jibu lake. Nilikuwa na uhakika wa kelele, kilichopigiwa kelele sikuwa nakijua.

"Njia ni moja tu," Shamimu akasema. "Tuchimbe."

"Bibi yako alisema tusiguse mpaka siku tutakapohama."

"Na si tunahama? Kazi inahama."

"Haijahama. Ndicho tunachobishania."

Ikawa mtihani juu ya mtihani. Nikilishika jembe, ni kama nimekubali kwamba siku ya kuhama imefika. Nisipolishika, ni kama naogopa jibu. Mwamvita alikuwa amekuja na ufagio wake, anasikiliza.

"Hija, chimba," akasema. "Mie tangu nimeolewa nafagia kuzunguka hapo kama kuna mtu kalala. Nimechoka."

Nilimgeukia Kasimiri, ambaye mikono yake ina nguvu kuliko yangu.

"Mie Mkristo, mzee," akasema. "Mambo hayo hayanihusu kabisa."

"Basi shika jembe."

"Jembe silishiki."

Akaenda kusimama nje ya geti, mahali ambapo aliona na huku mguu mmoja uko barabarani. Nikavua kofia, nikapiga bismillahi, nikamwambia mama kimoyomoyo anisamehe, nikachimba. Udongo wa chini ya mhina ulikuwa laini kuliko nilivyotarajia. Nilichimba kwa upole, nikikwepa mizizi, mpaka jembe likagonga kitu kikatoa sauti ya chuma ambayo ingemstua hata kiziwi. Getini Kasimiri akatoa na mguu wa pili.

Nilikitoa kwa mikono, nikakipangusa. Ilikuwa pasi. Pasi ya mkaa, zile nzito za zamani zenye mpini wa mbao na kijogoo cha kufungia kifuniko, imeota kutu lakini imekamilika.

"Chuma," Shamimu akasema. Hakusema kwa kutamba, alisema kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nikakaa chini palepale kwenye udongo. Fingo langu lilikuwa pasi. Nimewapelekea watu wa Chunya mashine zilizofaulu kwa kulilia pasi. Niliwaona katika akili yangu, mmoja mmoja, wamepiga magoti wanachimba misumari na wanalitaja jina langu, na sikuwa na hakika tena kwamba wanalitaja kwa wema. Machozi yalinilenga. Shamimu akachuchumaa, akaniwekea mkono begani.

"Baba, sio kwamba mashine yako mbaya."

"Inalilia pasi, Shamimu."

"Inalilia kila kitu. Ni tofauti."

"Ahadi ni deni," nikasema. "Karakana naifunga. Waambie watu wako waanze."

Wakati sisi tumekaa kwenye msiba wetu, Mwamvita alikuwa ameshaichukua ile pasi. Mwamvita haoni kitu kizima akakiacha. Aliigeuza, akaigonga na ukuta kuondoa udongo, akachungulia pembeni.

"Hii bado nzima," alisema. "Umeme ukikatika itanifaa. Kifuniko tu kimekaza."

Akachukua jiwe akaanza kumpiga yule jogoo kichwani. Kasimiri alivumilia kipigo cha kwanza na cha pili. Cha tatu kikamshinda. Fundi ni fundi, hawezi kutazama kitu kikifunguliwa kwa jiwe. Akaja mbio na tindo yake, amesahau fingo na getini kwake, akamnyang'anya Mwamvita pasi, akaingiza ncha ya tindo chini ya kijogoo, akapinda kidogo. Kifuniko kikainuka.

Ndani hamkuwa na majivu. Mlikuwa na kitambaa cha kaniki kilichopakwa nta, kimefungwa fundo. Kasimiri akaiweka pasi chini polepole, akafuta mikono kwenye suruali, akarudi nyuma. Mwamvita akalifungua fundo kwa meno. Vikatoka vipuli viwili vya dhahabu, vipana, vya kazi ya zamani, vinang'aa utadhani vimetoka kwa sonara asubuhi ile.

Nilivijua. Nilivijua kutoka kwenye picha ya mama ya siku ya arusi yake. Na Temeke nzima ya wakati ule ilijua kwamba vipuli vya Bi Zubeda vilipotea kwenye arusi Mbagala, kwenye msongamano wa ngoma. Mama alilia hadharani. Watu walikuja kumpa pole, na wengine walikuja na mchele.

Mwamvita alivitazama vipuli, akaitazama pasi, akautazama mhina. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya ufagio.

"Bi mkubwa," akasema, akijipangusa macho. "Bi mkubwa alikuwa kiboko."

"Unacheka nini?"

"Vipuli hivi vilikuwa haviishi kuazimwa, Hija. Umesahau? Kila arusi ya ukoo, bibi arusi lazima atoke na vipuli vya Bi Zubeda. Leo Mbagala, kesho Kisarawe. Vinarudi vimepinda, mara kikulabu kimekatika. Kuwanyima hawezi, ni ndugu zake. Basi akavipoteza."

"Na ile 'mpaka siku mtakapohama'?"

"Si mkihama mtakuwa mbali na waazimaji."

Sote tukaangua kicheko. Kasimiri alicheka akajishika kiuno. Mimi nilicheka huku nalia, kwa sababu nilimsikia mama kabisa, sauti yake ile kavu, akituonyesha kidole na kutuacha tutetemeke maisha yetu yote kwa ajili ya vipuli. Kuhusu mhina hakusema uongo hata neno moja. Alisema pana kitu, na kitu kilikuwapo. Fingo tuliliweka wenyewe.

Aliyeacha kucheka wa kwanza ni Shamimu. Alichukua ile sampuli yake, akavilaza vipuli chini kwenye kaniki, akaipitisha juu. Ikalia vizuri, sauti safi. Akamwomba mama yake arudishe vipuli ndani ya pasi na kufunga kifuniko. Akaipitisha tena. Kimya. Akarudia. Kimya. Akanipa Sikio langu bila kunitazama. Nikalipitisha, likapiga kelele.

"Inapuuza chuma," alisema taratibu, kama anajisomea, "na dhahabu iliyomo ndani inaipuuza pamoja nacho."

"Na kule Chunya dhahabu inalala wapi?" nikamuuliza.

"Baba."

"Nauliza tu."

"Kwenye mawe yenye chuma," akasema. "Najua."

Ningependa kukwambia kwamba sikutamba. Nilitamba kidogo. Niliizunguka ile pasi na mikono nyuma. Lakini kutamba kwenyewe hakukunoga, maana nilikuwa nafikiria jambo lingine. Kila Sikio nililotengeneza lilifika pale likaniambia mzee chimba, kuna dhahabu. Nami nikawa nalisifu kwa kulia vizuri, nalizima, nalitia kwenye boksi. Mashine zilisema kweli miaka yote. Aliyekuwa na masikio ndiye aliyeogopa.

Nikamwambia Shamimu hivyo. Akakaa pale chini karibu yangu, na ile nguo yake ya ofisini, tukazungumza kama watu wazima kwa mara ya kwanza tangu alete mananasi. Yeye alikuwa na haki: mtu asiyetaka misumari asilazimishwe kuichimba. Nami nilikuwa na haki: mtu wa mawe ya chuma asinyamaziwe dhahabu yake. Mashine inatakiwa iwe na swichi, mwenye nayo achague. Maboksi, bodi na mipini vinaweza kutoka huko, na vitoke kwa wingi. Visahani nazungusha mimi hapa, na mtihani unafanyika hapa, kila mashine bila kuruka hata moja. Habari ya mipini Kasimiri aliikataa palepale, na mpaka leo ninapoandika haya yeye na Shamimu wanaongea kuhusu plastiki kwa sauti ambazo majirani wanazisikia. Hilo mimi simo.

Wale wa kiwandani, nao walitaka kujua kipimo ni kipi, ili wakague wenyewe kabla ya kututumia mzigo. Shamimu akaenda sokoni Tandika akanunua pasi ya mkaa, tukaitia hereni za shaba ndani, nikaizungushia magazeti kwa mikono yangu mwenyewe, ikasafiri kwenda Uchina. Jibu lao lilikuja na heshima zote. Walishukuru, wakauliza: wakati wa kuifukia, jogoo aangalie juu au pembeni? Nikamwambia Shamimu awajibu jogoo aangalie juu, kama alivyolazwa na mama. Mtu anayeuliza swali kama lile, nilijiambia, kazi anaijua. Tangu hapo ndipo nimeacha kununa, ingawa Mwamvita anakataa kuwasahihishia majirani.

Pasi ya mama ilirudi chini ya mhina na hereni za shaba tumboni. Vipuli ndivyo vilivyoleta neno. Kabla hata udongo haujakauka, habari zilishavuka mtaa, na jirani yetu Demetria, ambaye hata si wa ukoo, akaja kuuliza kama vitapatikana kwa arusi ya mdogo wake.

"Havipo, shoga yangu," Mwamvita akamwambia, uso mkavu. "Vimehamia Goba."

Nilidhani ni utani wa kumfukuzia mtu. Demetria alipoondoka, Mwamvita akavitoa vipuli kwenye pindo la kanga, akaviweka kwenye kiganja cha Shamimu, akakikunja kiganja.

"Bi mkubwa alisema mpaka siku mtakapohama," akasema. "Aliyehama hapa ni mmoja tu. Na akiba haiozi."

Mimi nilijifanya natafuta bisibisi.

Juzi mzigo wa kwanza umefika. Shamimu alitoka Goba asubuhi, akaja moja kwa moja uani kwa furaha yake, akaingia karakana bila kusimama mlangoni. Vipuli masikioni. Mashine zote tulizokuwa tumeziwasha mezani zikapiga kelele kwa pamoja, kuanzia zile za zamani mpaka mpya. Kasimiri akaziba masikio, akanitazama kwa jicho la mtu anayesubiri radi.

"Yaani nimesahau, baba," Shamimu akasema, mkono umeshafika sikioni. "Samahani, navua."

"Acha," nikamwambia. "Usivue."

Nikamvutia kiti. Kelele zikaendelea, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono kuzima. Mwamvita akachungulia kutoka kizingitini, na birika mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama binti yake, akazitazama mashine. Kisha akavuka kizingiti, bangili zake zote mkononi, akaja kuitua chai mezani kwangu. Niliinywa ingali inatoa moshi.